Springi za Mbele

Harufu ya grisi hunirudishia shavu la baba. Mzungu mwenye gereji alimwamuru akate springi za mbele, motoka yake mpya ilale chini kama za mashindano.

"Bwana, tukiishusha, vyuma ya usukani itakaa mushazari. Kila shimo itageuza magurudumu, haitakuuliza weye."

Alizabwa kofi mbele ya mama na mimi. Akakata springi, sawasawa na alivyoamriwa.

Jumapili, katikati ya misa, niliomba shimo moja tu. Tulipotoka, bwana alipita mbele ya kanisa akijionyesha. Gurudumu likaingia shimoni, usukani ukamponyoka, motoka ikatumbukia mtaroni. Akatambaa nje, vumbi mdomoni.

"Sababu gani hukusema?"

Baba akapiga magoti, akapiga makofi polepole, kama tunavyosalimia wakubwa.

"Nilisema, bwana. Ukanijibu hapa, ku shavu."