Mukankusi Alikuja Kutembea

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Elodie, aliyekimbilia Kampala kwa sababu ya vita, hakumpa mama yake jembe. Siku ya tatu alimwambia avae vizuri watembee Kampala, mtaa kwa mtaa, na Mukankusi, mfugaji wa Kingi kule Masisi, Kongo, akafunga kitenge chake cha Jumapili bila kuuliza mengi.

Walianzia Nsambya, wakashuka hadi Katwe, ambako mafundi hugonga mabati mpaka masikio yanaziba. Mukankusi alisimama kila penye jambo. Alipapasa masufuria, akasalimia wasiomjua, akacheka hadi machozi kuona bodaboda imebeba kitanda. Ana miaka sitini na mmoja, lakini miguu yake imelelewa na vilima. Aliyehema alikuwa Elodie.

Kwenye kiduka cha maziwa, muuzaji alisikia Kiswahili chake akauliza, "Mama, wewe ni mkimbizi wa Kongo?"

"Miye? Niko mutembezi."

Akapewa kikombe. Wengine walikuwa wanakunywa wima, haraka haraka. Kwao Mukankusi, kunywa maziwa wima ni kumdharau ng'ombe, na kiti hakikuwepo. Basi akakaa chini palepale mlangoni, miguu kainyoosha, akanywa taratibu huku wateja wakimruka.

"Mama, simama. Bantu banaangalia," Elodie alinong'ona.

"Baangalie. Batajifunza."

Saa nane wakafika kwenye ofisi yenye foleni ndefu, na Elodie akatoa karatasi mkobani. Ndipo Mukankusi alipoelewa. Matembezi yote yalikuwa ya kumleta hapa aandikishwe ukimbizi, asirudi tena Kingi. Alikuwa amevutwa kama ndama anayeonyeshwa chumvi. Hasira ilimpanda.

"Ng'ombe wamebaki wawili tu, Mama. Unarudia nini?" Elodie alikuwa analia. "Nikikupoteza je?"

Mtu asikudanganye, Mukankusi naye aliogopa. Milio ya bunduki aliijua kuliko kengele ya kanisa. Zamu yao ilipofika, karani aliinua kalamu.

"Ulikimbia lini, mama?"

"Sijakimbia. Nilikuja kutembea kwa mutoto yangu. Siku ya kwanza, Jumatatu, narudi."

"Lakini huko kuna vita."

"Vita ndio mugeni, Papa. Tena haikupiga hodi. Miye niko kwangu."

Karani akaweka kalamu chini. Elodie alimshika mama yake mkono, akauliza, "Basi miye nilikosea kukimbia?"

Hasira ikamtoka Mukankusi. Alimfuta binti yake machozi kwa ncha ya kitenge.

"Hapana, sha, mutoto yangu. Ulikuwa na mimba, ulifanya vizuri. Lakini miye nikijiandikisha hapa, batoto bako batakwenda kutembea kwa nani?"

Elodie alikunja karatasi, akairudisha mkobani. Karani akaita jina lililofuata.