Wimbo wa kukamulia ambao Baba aliupiga marufuku, Molo 1957

Mwaka ulikuwa 1957, mvua ya masika ilikuwa imeshika Molo, nami nilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Wakuu, pokeeni heshima zangu. Nitakayosimulia niliyaona kwa macho yangu, na nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Mimi ni mjane. Kusoma nilijifunza ngumbaru, wanangu wakubwa wakiwa wamekwisha kuoa, na tangu hapo tarehe hazinipiti. Mjukuu wangu wa Milimani hudai mambo haya yalitokea 1958. Amekosea.

Baba alikuwa nyapara wa wakamuaji katika shamba la mzungu mmoja. Jumapili alikuwa mzee wa kanisa. Kazi zote mbili alizifanya kwa sauti ileile.

Miongoni mwa wakamuaji wake alikuwamo kijana aitwaye Zakayo, aliyelelewa Kabazi.

Mzungu alikuwa na gramafoni verandani. Santuri aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya country, kutoka Amerika: gita, na mwanamume anayeimba kama mtu asiye na haraka ya kufika popote. Zakayo aliusikiliza wimbo ule kila alipopeleka makopo ya maziwa. Kiingereza chake kilikuwa cha darasa la nne, lakini kilimtosha kuelewa kwamba mtu yule anamwamini Mungu na anampenda msichana, na hana kitu kingine duniani.

Akautia maneno ya Kiswahili. Akawa anauimba akikamua.

Niwaeleze kidogo ninyi mliozoea maziwa ya pakiti. Ng'ombe hashushi maziwa mpaka atulie, na kila mkamuaji ana namna yake ya kumtuliza. Mmoja hupiga mluzi, mwingine humsemesha kama mtoto. Zakayo aliimba:

Imani nimeiweka mikononi mwa Bwana,
moyo nimeuacha langoni kwa msichana.
Bwana akinikumbuka kwa mvua na kwa jua,
naye asinisahau, njia ananijua.

Bomba letu la maji lilikuwa ng'ambo ya ua wa zizi. Debe langu lilijaa, likafurika, nami nimesimama. Mama akauliza kama siku hizi maji yanatoka kwa tone.

Ng'ombe wa gredi, wa mbegu ya kizungu, aliyeitwa Desi, aliyemshinda kila mtu kwa mateke, aliposikia wimbo ule alifumba macho. Nilimwonea wivu Desi. Yeye alikuwa karibu.

Mwezi wa Julai Zakayo alikuja na ami yake kuniposa. Baba aliwapa chai, kisha akasema:

"Kijana, mimi sina shida na wewe. Hiyo wimbo yako ndiyo shida. Hiyo ni ya kilabu. Unataja Bwana, hujapumua, umetaja msichana!"

"Mzee, wote wawili nawapenda."

"Chagua. Wimbo ama binti yangu."

Zakayo alichagua. Jumapili iliyofuata alisimama mbele ya kanisa, akaweka mkono juu ya Biblia, akaahidi kwamba hatauimba tena. Baba alisisitiza tuiite ahadi. Miaka ile neno kiapo lilikuwa zito katika Bonde la Ufa, watu walifungwa kambini kwa kudaiwa kula kiapo cha kumpinga mzungu.

Basi zizi likanyamaza.

Wakuu, sijui niwaelezeje ukimya ule. Nilikuwa nimeposwa na mtu niliyemtaka, lakini nikifika bombani nasikia maji tu. Nilijaribu kujiimbia moyoni, haikuwa sauti yake. Nilimkosa mtu ambaye kila siku namwona akipita na ndoo.

Desi naye alizuia maziwa. Baada yake, ng'ombe wote wa safu ya Zakayo.

Baba alijaribu kila ujanja. Alileta ndama, akakanda viwele kwa maji ya moto, akabadilisha wakamuaji, wakapigwa mateke. Mwisho mzungu akaja mwenyewe zizini.

"Nyapara, maziwa yangu iko wapi?"

"Bwana, ng'ombe imekataa."

"Hapana ng'ombe. Ni huyu boi. Mwisho ya mwezi kama maziwa hapana rudi, yeye nakwenda."

Kufukuzwa shambani kulikuwa kufukuzwa Molo. Hangekuwa na kazi, wala kibanda, wala ruhusa ya kukaa. Posa yangu ingekwenda naye.

Mkamuaji mmoja Mkipsigis, mtu wa mzaha, alimwita Baba mbele ya wote. "Nyapara, mwenye aliahidi ni kijana. Desi haijaahidi mtu kitu. Ama uliibatiza pia?"

Wakacheka mpaka ndoo zikayumba. Baba hakucheka. Jioni alimsimamisha Zakayo akipita karibu na kwetu, nami nikasikia kutoka jikoni.

"Imba kidogo tu. Polepole. Nitakuwa sijasikia."

"Hapana, Mzee. Niliahidi mbele ya kanisa. Nifungue mbele ya kanisa."

"Utafukuzwa, kijana!"

"Nikivunja ya Mungu ndio nibaki, huyu binti ataaminije neno langu?"

Nilimpenda kwa jibu lile, na nilimkasirikia vilevile. Ningempoteza kwa sababu ya uaminifu wake.

Nikifika siku ya mwisho ya kisa hiki sitaongeza neno baada yake, kwa hiyo la kujifunza nalisema sasa. Aliyekutolea kitu akipendacho, usihesabu kwamba umekipata wewe. Mara nyingine hupotea kwenu nyote wawili. Toeni maoni yenu bila kuniogopa kwa ajili ya umri. Na kama yupo anayeifahamu santuri ya namna ile, aniandikie hapa. Ubeti wa pili umenipotea, na wa kuniimbia hayupo tena.

Siku yenyewe ni Jumamosi, tarehe 28 Septemba 1957.

Baraza la wazee lilikaa kanisani. Baba alisimama, kofia mkononi, akaomba yeye mwenyewe Zakayo afunguliwe. Sikuwahi kumwona amesimama namna ile. Wazee walibishana mpaka chai ikapoa. Kisha Mchungaji akasoma uamuzi: wimbo umeruhusiwa zizini, wakati wa kukamua, kwa ajili ya ng'ombe. Nyumbani hapana. Njiani hapana. Harusini hapana. Ndoa itangazwe kuanzia kesho.

Zakayo aliinamisha kichwa, akakubali. Nikajua ahadi hii pia ataitunza mpaka kaburini.

Mchungaji akanigeukia, kwa adabu tu, maana wasichana hatukuwa tukiulizwa. "Na wewe binti, una neno?"

Kazi ya zizi katika shamba lile ilikuwa ya wanaume. Nikasimama.

"Ninalo moja, Mchungaji. Naomba Baba anifundishe kukamua."