Migomba ya Makaburini

Mwezi uliopita binamu yangu alituma tena ujumbe kwenye kundi la ukoo: tuchangie uzio wa makaburi yetu ya Murusagamba. Wawili wakajibu "Amina", mmoja akatuma picha ya keki ya harusi, na baba mdogo akauliza swali lake lile lile: kwa nini tulipie makaburi ya watu tusiowajua? Nikazima simu, rafiki yangu, maana ningetukana mtu mzima.

Tusiowajua! Na yeye alikuwapo.

Nilipokuwa msichana wa miaka tisa, hakuna aliyechangishwa. Bibi alitenga migomba iliyopakana na makaburi, akasema ile ni ya marehemu, isiliwe nyumbani. Mikungu yake alimuuzia mama mmoja aliyetengeneza rubisi, pombe yetu ya ndizi, na hela hiyo ndiyo iliyonunua majembe na kumlipa jirani aliyefyeka. Sisi wajukuu tulipalilia Jumamosi, tukinung'unika, huku harufu ya ndizi na maharage ikitufuata kutoka jikoni kwa Bibi. Kazi ilichosha, lakini ilifanyika bila kikao hata kimoja.

Kisha wakaja wakimbizi. Walivuka mpaka kutoka Burundi na mikeka kichwani, na kuni zikawa haba. Mchana kutwa tulisikia mapanga vilimani. Miti aliyopanda babu kuzunguka makaburi ikaanza kupungua, Bibi akakasirika kwelikweli. Siku moja alishika fimbo, akanichukua, tukaenda kumfukuza mwizi wa kuni. Tukamkuta mwanamke anachimba kwa kijiti.

"We! Unafanya nini hapo?" Bibi akafoka.

Mwanamke akainuka. Pembeni yake alilala mtoto mchanga, amefunikwa kitenge mpaka usoni. Kirundi chake na Kihangaza chetu vinakaribiana, hata mimi nilimwelewa.

"Nisamehe, mama. Sina pa kumweka."

Bibi aliitupa fimbo, akanituma jembe. Niliporudi, baba mdogo alikuwa ameshafika, anagomba.

"Mama, haya ni makaburi ya ukoo!"

"Basi nionyeshe ukoo wake uko wapi, tumpeleke."

Bibi alisali, mwanamke akataja jina la mtoto mara mbili, tukafukia. Masika yale walizikwa pale wageni wengine wawili, na wote wakatunzwa kwa ndizi zile zile.

Bibi alipofariki, baba mdogo aliiuza ile migomba kabla ya kitu kingine chochote. Akasema tutachanga. Tangu hapo tumechagua mwenyekiti, katibu na mweka hazina, tumeshona hadi fulana zenye jina la ukoo. Jembe, hatuna.

Basi nikapanda gari nikaenda mwenyewe. Nyasi zilinifika kiunoni, mbuzi wa watu wamejilaza juu ya babu. Nilifyeka siku mbili, viganja vikatoka malengelenge, na kila panga lililoshuka nilimlaani baba mdogo. Jioni ya pili nikakiona kile kikaburi kidogo, mawe matatu tu, nikapiga magoti nimwombee mtoto.

Nikafungua mdomo, jina halikuja. Nililisikia kwa masikio yangu, likatajwa mara mbili, nami nimesimama pale na jembe mkononi. Bibi angelijua. Miaka yote aliyokuwa hai sikuwahi kumuuliza.