Mdogo Wangu Dobi na Kigari cha Magurudumu Matatu

Mtaani kwetu wote wanamwita mdogo wangu Dobi, na wengi wanadhani ni utani. Si utani. Ni kazi aliyoifanya tangu akiwa msichana mwenye kiuno cha nyigu mpaka walipomstaafisha, anatembea kama mtu anayetafuta sindano sakafuni. Alikuwa akifua mashuka ya hospitali kubwa. Mashine zilikuwepo, zinanguruma hata mwenzako akikutukana husikii, lakini mashine haijipakulii yenyewe. Mashuka yakitoka humo yamelowa na kusokotana kama matumbo, na wa kuyachomoa, kuyatupia kwenye toroli na kuyasukuma ukumbi mzima mpaka kwenye kamba ni binadamu. Huyo binadamu alikuwa yeye.

Mimi ndiye niliyemwachia ziwa, kwa hiyo ninayoyasema juu yake sikuhadithiwa.

Alizaa binti mmoja tu. Binti naye akazaa mtoto wa kiume, uzazi mgumu, mtoto akachelewa kulia. Baba wa mtoto aliaga kwamba anakwenda kutafuta maisha, na nadhani mpaka leo hajayapata, maana hajarudi. Mtoto alipofika umri wa kutambaa hakutambaa. Wenzake walipoanza kukimbia na kuangusha masufuria, yeye alikuwa amekaa katikati ya mito, kakunja uso kama mwenyekiti anayesubiri wajumbe waliochelewa. Tukamwita Mzee. Kichwani alikuwa mzima, tena mjanja, na maneno aliyaanza mapema. Ila miguu ilikuwa migumu, na upande wa kulia wa mwili wake ulikuwa mlegevu, ukimwacha bila mto analala huko.

Binti wa Dobi akapata kazi mbali, kazi ya kulea watoto wa watu. Wake akamwacha kwa bibi yake.

Daktari alisema Mzee apelekwe kliniki ya mazoezi ya viungo kila wiki bila kukosa, la sivyo miguu itakaza na haitanyooka tena. Dobi alikuwa akimfunga mgongoni kwa mbeleko na kukata mtaa kwa mguu, maana mabasi ya njia ile hayamsubiri mtu mwenye mgongo mbovu apande. Alikwenda hivyo na jua, akaenda hivyo na tope. Mtoto naye akawa anakua. Mtoto asiyetembea anakua vilevile, hilo watu hawalifikirii.

Asubuhi moja nilipita kwake nikamkuta kapiga magoti kwenye sakafu ya saruji, viganja chini, Mzee kakaa juu ya mgongo wake anacheka.

"Mnacheza nini?" nikauliza.

"Hatuchezi," akasema, hata kichwa hakuinua. "Mtoe mume wangu juu yangu, Dada. Nimeinama kumbeba, mgongo umekataa kurudi."

Nilimshusha mtoto. Yeye nilimnyoosha kidogo kidogo, kama mtu anavyofungua mwavuli uliopata kutu. Wiki ile kliniki hawakwenda, na iliyofuata hawakwenda.

Habari zikamfikia shangazi wa mtoto, dada mkubwa wa yule aliyekwenda kutafuta maisha. Ni mpishi wa shule katika mji mwingine, mwanamke mnene, mpole, asiye na mtoto. Alikuja, akakaa ukingoni mwa kiti, akamwangalia Mzee miguu, kisha akasema, "Mama, mimi nyumba yangu na kliniki ya kule tunatazamana. Nipe mtoto."

"Nikupe?" Dobi akamgeukia. "Mzee ni chumvi, jirani akiishiwa anakuja kuomba?"

"Sijasema hivyo, mama yangu. Nasema miguu yake inakaza."

Hilo lilikuwa kweli, na Dobi alilijua. Alikaa akisugua goti lake. Mwishoni akasema, "Nitatafuta kigari cha kumsukuma. Nikiweza kumfikisha kliniki, nisikusikie tena. Nikishindwa, njoo umchukue, sitakufungia mlango."

Shangazi akakubali. Binti wa Dobi alipigiwa simu, akalia, akawakubalia wote wawili.

Basi ndiyo maana siku tulipokwenda kuchagua kigari nilijua hatuendi kununua chombo. Tunakwenda kuona kama mtoto atabaki.

Muuza vigari alikuwa na kibanda nyuma ya kituo cha mabasi. Vigari vilivyokwisha kutumika na watoto wa watu vilining'inia darini kama popo. Mzee tulimwacha kwa jirani. Kumfikisha mahali ndiko kulikokuwa kumeshindikana, tungemletaje? Badala yake Dobi alikuwa na mfuko wa plastiki, naubeba mimi, mzito, unanidondokea maji mguuni.

Akaufungua mbele ya yule mwanamume. Ndani mlikuwa na mashuka, yamelowa, kayakamua nusu.

"Mama," muuzaji akasema, "umekuja kununua au umekuja kuanika?"

"Nimekuja kununua. Shusha vile viwili."

Nieleze hapo. Kule kwenye ufuaji, toroli jipya likiletwa halipokelewi mpaka lijaribiwe, na halijaribiwi kwa mashuka makavu. Shuka kavu linadanganya. Toroli likipakiwa mabichi ndipo unajua gurudumu lipi linalalamika na mpini upi utakuvunja mabega. Dobi alikuwa ndiye mjaribu wao, wakubwa wakisubiri aseme ndiyo au hapana. Kwa hiyo alikuwa amemshika Mzee mikononi nyumbani, akamweka chini, akashika mashuka, akaongeza, akapunguza, mpaka uzito ukalingana.

Kigari cha kwanza kilikuwa cha magurudumu manne madogo ya plastiki, kiti kipana, kizito chenyewe. Cha pili kilikuwa cha magurudumu matatu makubwa ya kujazwa upepo kama ya baiskeli, mawili nyuma, moja mbele linalogeuka lenyewe huku na huku. Kitambaa chake kilikuwa kimepauka, mkanda wake ulikuwa wa kiunoni tu, ile ya mabegani ilikuwa imekatika. Lakini kilikuwa chembamba na chepesi.

Akayapanga mashuka kitini, akasukuma. Kile cha miguu minne kilifika kwenye kokoto kikagoma kama punda. Akakirudisha nyuma, akakigeuza, kikagoma tena, na nikamwona anashika kiuno. Akahamishia mashuka kwenye kile cha matatu. Alipita kwenye kokoto. Akapita kwenye mchanga. Akavuka kile kibao kilichofunika mtaro, akageuka kwa mkono mmoja, akarudi. Uso wake ulikuwa umebadilika, nakwambia. Sikuwa nimeuona uso ule tangu mume wake yuko hai.

"Dada, kinateleza kama nyama kwenye mafuta."

"Mbele kina mguu mmoja," nikasema. Mimi nilikitaka kile kingine kwa sababu ya rangi yake tu, sikuwa na sababu ya maana.

"Na kigoda cha jikoni kina mingapi? Mitatu. Umewahi kukiona kinayumba?"

Sikuwahi. Muuzaji akacheka, akasema, "Mama huyu aje nimwajiri." Hata mkanda wa mabegani Dobi aliuulizia, lakini mashuka hayakuwa yameteleza hata kidogo, yalikuwa yamelala palepale kitini kama yaliyogandishwa, na akasema atashona mwingine akipata nafasi. Tukaondoka nacho. Mashuka yakarudi nyumbani yamepanda kigari na mimi natembea.

Sitasema kwamba hatukupata siku nzuri. Mzee alikipenda kuliko chakula. Akikaa mle anaamuru, "Bibi, kimbia!" na Dobi anamjibu, "Nikimbie kwa miguu ya nani, mume wangu? Wewe yako umeilaza na mimi yangu imechoka." Walifika kliniki wiki hata wiki. Yule mama wa mazoezi akasema goti la kushoto limeanza kutii. Shangazi alipigiwa simu akaambiwa, na alifurahi kweli, furaha yake ilisikika. Mkanda wa mabegani haukushonwa. Dobi alikuwa anautafutia kitambaa kigumu, na mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na kitu kinachokwenda vizuri mtu hakigusi.

Siku yenyewe tulikuwa wote. Tulikuwa tunarudi kutoka kliniki, tumefika kwenye kona ya ukuta wa shule, pale panaposhuka kutoka kwenye njia ya waendao kwa miguu kuingia barabarani. Dobi alikishusha kwa gurudumu la mbele kwanza, taratibu, kama alivyokuwa akishusha toroli miaka yote. Wakati uleule mtu akapita na baiskeli, kafunga kuku kwenye mpini, kuku wanapiga kelele. Mzee akataka kuwaona. Akachungulia upande wa kulia, ule upande wake mlegevu, na akishalala huko hawezi kujirudisha. Gurudumu la mbele likageuka lenyewe. Kigari kikalala ubavu pamoja naye, kwa utulivu kabisa, wala hakikuruka. Sauti ilikuwa ndogo.

Mimi nilikuwa nyuma yao na mkono wangu ulifika umechelewa.

Ulivunjika mtulinga, mfupa huu upitao chini ya shingo. Hospitalini walimfunga mkono kifuani. Dobi alikaa kwenye benchi la ukumbini, ukumbi uleule aliokuwa akipitisha toroli, na wafuaji wa siku hizi walipita na matoroli yao bila kumjua. Alikuwa haangalii mtu. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Shuka halichungulii."

"Nini?"

"Nimejaribu kwa mashuka, Dada. Shuka ukilipakia linatulia pale ulipoliweka. Nilipima uzito wake, sikumpima yeye."

Nilimwambia hata mtu mwingine angekosea. Akatikisa kichwa, na ilikuwa haki yake, maana mtu mwingine asingekwenda dukani na mashuka mabichi. Angekaza mikanda na kuangalia rangi.

Kumpigia shangazi hakumwachia mtu. Alimpigia mwenyewe, akamweleza kuku, kona, mkanda ambao haukushonwa, yote. Shangazi alikuja baada ya siku chache, akiwa na begi tupu. Alimkuta Dobi amekwisha kunja nguo za mtoto, zimenyooka kama zimepigwa pasi hospitalini.

"Mama," shangazi akasema, naye machozi yanamlenga, "mimi sikuja kukuhukumu. Nunua mkanda, mimi nitarudi nyumbani."

"Tulikubaliana. Nikishindwa, umchukue."

"Hujashindwa. Umeanguka tu."

"Si mimi niliyeanguka."

Shangazi akanitazama mimi, akitaka nisaidie. Nilijua mdogo wangu anafikiria nini: kwamba mkanda ungeshonwa, lakini mgongo haushoniki, na ipo siku kona nyingine itakuja, na kuku wengine, na barabarani safari hiyo kutakuwa na gari. Alikuwa amejaribu, na chombo kilikuwa kimesema hapana, na yeye maisha yake yote chombo kikisema hapana hakukipokea.

Mzee aliondoka mgongoni kwa shangazi yake, amefungwa kwa mbeleko ileile ya bibi yake, mgongo mpana kama kitanda. Aliuliza kama kule kuna kuku. Shangazi akasema wako wengi, wa shule, wanakula makombo jikoni. Basi hakulia. Dobi alimfunga kiatu upya, kiatu ambacho kilikuwa kimefungwa vizuri, akarudi ndani kabla hawajafika njiani.

Kigari alikitoa siku ileile. Alimpa mama mmoja wa mtaa wa chini, mwenye mtoto anayekaa wima, akamshonea kwanza mikanda ya mabegani, miwili, kwa uzi wa turubai. Ilimchukua mchana mzima, na yule mama alisubiri mlangoni.

Sasa muda umepita. Shangazi hupiga simu kila anapopata nafasi. Mzee anasimama akishika ukingo wa meza, kisha ikaja habari kwamba amehama kutoka meza kwenda kwenye kabati, ingawa katikati kulikuwa na hatua za kuyumba na kilio. Habari njema zote. Dobi huzisikiliza amesimama, anasema, "Mungu mkubwa," anauliza kama anakula, kisha ananipa mimi simu nimalizie.

Shangazi amekwisha mwalika mara nyingi aende amwone. Amemwambia kitanda kipo, na atamtumia mtu wa kumpokea kituoni. Dobi anasema mgongo wake hauwezi kukaa kwenye basi safari ndefu kiasi hicho. Juzi nilimkuta amebeba ndoo ya maji iliyojaa kutoka bombani kwenda jikoni, anatembea pole pole, amenyooka. Aliponiona akaiweka chini haraka na kushika kiuno.

Niliichukua ile ndoo nikamfikishia jikoni.