Meno ya Chini

Mama yangu hakupenda wanyama. Mbuzi wa jirani akikatiza uani, ni ufagio tu. Kwa hiyo siku aliponiambia twende Arua kutazama maonyesho ya wanyama waliokaushwa, nilijua kuna jambo. Nilimkazia macho toka kwetu Koboko mpaka tukashuka garini.

Mlangoni mtunzaji alituuliza tunatoka wapi.

"Adumi," mama akadanganya haraka, maana Koboko ilijulikana kuwa kwao askari walioshindwa vitani. Tulikuwa tumerudi kutoka Sudan juzijuzi tu, na swali la namna hiyo bado lilitutia baridi.

Mimi nilitaka kumwona chatu ndani ya chupa. Mama aliwapita wote, hata kifaru, akaenda moja kwa moja kwenye kabati la kioo lenye fuvu la mtu. Kumbe jirani alikuwa amemdokeza kuwa fuvu hilo liko hapo.

Hapo nikaelewa. Jeshi la serikali iliyopinduliwa lilipovunjika tukakimbia, baba yangu, askari, alibaki nyuma. Hatukumwona tena. Kama wanaume wengi wa Kikakwa wa rika lake, aling'olewa meno ya mbele ya chini utotoni, ndiyo mila yao. Mama alichuchumaa, akatazama. Meno yote yalikuwapo.

"Siye!" akasema, akacheka hadi nikaona aibu.

Mtunzaji, aliyekuwa akitufuata kana kwamba tungeiba kifaru, akasogea. "Mama, hiyo kichwa iko muzuri, hapana? Meno ya mbele ya chini haikuwako. Mimi natengeneza na plasta."

"Ilivunjika?" mama akauliza.

"Hapana. Mufupa ilifunga zamani."

Pengo la tangu utotoni, basi. Mama aliacha kucheka.

"Mulitoa wapi hiyo mutu?"

"Mimi nakuta iko hapa." Alijibu akiangalia ukuta. Sikumwamini, na mpaka leo simwamini.

Njiani nilimwambia mama kwamba nusu ya wazee wa Koboko hawana meno hayo. Miaka yote hiyo alikataa kukaa eda ya mjane, kwa sababu hakuna aliyemletea habari ya kifo. Kesho yake asubuhi alivua bangili, akajifunika nguo nyeupe ya eda.

"Na kama siye?" nikamuuliza kwa hasira.

"Basi na hiyo mutu iko na muke yake mahali," akasema. "Mimi nakaa eda kwa sisi wanawake wawili."