Pigo la Kisogoni

Enzi zetu, ndugu wa rika langu, mtu hakurusha ndongu kabla ya kutaja jina la anayemrushia. Naliweka jambo hili wazi mapema kwa sababu vijana wa leo wanalikana, na mimi, niliyeandika mihtasari ya vikao vya wilaya hadi nilipostaafu, siwezi kuliacha likumbukwe likiwa limepinda. Ndongu, kwa aliyesahau, ni yale matunda ya manjano ya mtunguja, magumu kama goti la mbuzi, yaliyoota kando ya kila njia huko Kitui tulikochunga. Tuliyajaza mifukoni mpaka kaptura zikashuka viunoni, nasi tukikimbia tumezishika kwa mkono mmoja.

Vita vyetu vilikuwa na sababu. Mto wetu ulikuwa wa mchanga. Kiangazi maji yalijificha chini, tukayachimbua kwa mikono na vipande vya kibuyu. Wavulana wa ng'ambo zote mbili tulitegemea kisima kimoja, na ndongu ndizo zilizoamua mbuzi wa nani wanywe kwanza. Walioshindwa walingoja maji yajikusanye upya, jua likiwachoma utosi, huku nyumbani muthokoi wao ukipoa sufuriani. Aliyepigwa alihesabiwa amekufa, akaketi. Lakini ilikuwa lazima utaje jina ndipo urushe, na pigo la kisogoni lisilotanguliwa na jina lilikuwa batili. Mwaitu, yaani mama yangu, alipotuona tumevimba nyuso alisema tu, "Piganeni mkionana macho, ili jioni mweze kula sahani moja."

Siku moja ya kiangazi kikali tulibaki watatu tu. Ng'ambo ile alibaki Mutua, mvulana mwenye kifua kama mlango. Upande wetu tulibaki mimi na binamu yangu Muthama. Nilimrushia Mutua, ikampata begani, naye akakataa kuketi. Alidai ndongu ilimfikia kabla sijamaliza kutamka jina lake. Nilimsogelea nikamweleza, kwa utaratibu, kwamba jina lilikuwa limekamilika mkono ukiwa bado hewani. Tulikuwa katikati ya hoja hiyo ndongu nyingine ilipopasuka kisogoni mwake. Muthama alikuwa ametambaa ndani ya matete bila kutaja jina la mtu.

Wetu walishangilia. Mutua akajifuta mbegu shingoni, akanitazama. "Nzioka, wewe ndiye unajua sheria. Sema."

Nikasema ni batili.

Mutua akaendelea na vita, akatutaja na kutupiga mmoja mmoja, na mbuzi wetu wakanywa mwisho. Muthama hakunipiga wala hakunitukana. Alisema, "Aiya, Jaji," na tangu siku hiyo hakuniita tena kwa jina langu. Harusini husema, "Mleteeni Jaji kiti," watu wakacheka. Nilipomzika mke wangu alikuja kutoka Kibwezi, akaketi mbali na jamaa wengine, akaondoka akiwa ameniambia maneno mawili tu: "Pole, Jaji." Nimeishi nikijua kwamba uamuzi wangu ulikuwa sahihi, na kwamba ulininyang'anya ndugu.

Sasa sikilizeni yaliyonipata likizo hii ya Agosti, hapa nyumbani kwangu Emali.

Wajukuu wangu walikuja na mchezo wa mezani. Hawakimbii, hawatoki jasho, miguu yao haijui mchanga. Kila mmoja hujitungia mtu kwenye karatasi, mwenye nguvu zake na silaha zake, kisha dadu zenye pembe nyingi huamua kama amepiga na ameumiza kiasi gani. Kioko, mkubwa wao, husimulia yanayotokea na kuwachezea maadui. Walikuwa wamepungukiwa na mtu mmoja, nikapewa askari mwenye ngao na upanga mrefu. Mwende, mdogo wake, ni mnyemelezi mwenye kisu.

Tulikutana na jitu darajani. Nilisimama mbele yake kama inavyostahili, nikapigwa mara kadhaa, nikapiga, nikarusha dadu moja ya upanga. Zamu ya Mwende ilipofika, alizunguka nyuma ya jitu, akalichoma, akaokota dadu nne.

"Nne za nini?" niliuliza.

"Moja ya kisu, Babu. Tatu za pigo la mnyemelezi."

"Kwa kuwa umejificha?"

"Sijajificha."

"Basi jitu limekuona!"

"Limemwona, ndiyo," Kioko akajibu.

Hapo akili yangu ilisimama. Niliomba nielezwe upya. Nikaambiwa kwamba mnyemelezi hupata nyongeza asipoonekana, au hata akionekana, mradi mwenzake amemkaribia adui na kumbana. Kwamba nyongeza ni mara moja tu kwa zamu. Kwamba silaha iwe nyepesi au ya kutupa. Niliuliza kwa nini mimi niliyesimama mbele nikipigwa nina dadu moja, naye aliyepita uani ana nne. Niliuliza kama alitaja jina la jitu.

"Jina?" Mwende akashangaa. "Zii, Babu! Nikilitaja si litageuka?"

"Basi pigo hilo..." Neno lilikuwa limeshafika mdomoni. Ninyi mnalijua.

"Babu, hebu angalia," Mwende akaniwahi, akavuta mezani kijiti kilichosimama badala ya mtu wake. "Ukiondoka hapo mbele, mimi nabaki na kisu tu. Dadu tatu zinatoka kwako. Linakuangalia wewe, ndio maana."

"Babu, kubali basi," Kioko akasema. "Jitu linangoja."

Nikakubali, bila kuelewa. Zilitoka wapi kwangu, ilhali sikurusha kitu? Jitu lilianguka, watoto wakapiga makofi, nami nikatoka nje kumpigia Muthama simu, jambo ambalo huwa silifanyi.

"Jaji," akaitikia. "Nani amekufa?"

"Hakuna aliyekufa. Nina swali. Siku ile ya kisima, kwa nini ulirusha wakati ule hasa?"

"Nilikuwa nakungoja."

"Uliningoja nifanye nini?"

"Ubishane. Mutua alikuwa anasikia hata mjusi akitembea kwa mchanga. Lakini ukianza kueleza sheria, Nzioka, hata mbuzi huacha kula."

Aliniita kwa jina. Nikamuuliza kuhusu michungwa yake ya Kibwezi.

Hadi leo sijui kama pigo lile lilikuwa halali. Kama lilikuwa batili, basi nusu ya ubatili ni yangu. Kama lilikuwa halali, nilitoa uamuzi dhidi ya mkono wangu mwenyewe. Sina wa kumuuliza. Mchanga wa mto wetu ulibebwa na malori, ukawa nyumba za watu wa mjini, na watoto wa siku hizi huua majitu wakiwa wameketi, soksi miguuni. Ndongu tu ndizo zimebaki. Zinaota kando ya reli hapa Emali, nyingi kuliko zamani, zinaiva na kuanguka zenyewe kwa kuwa hakuna anayezirusha. Jana nilichuma chache, nikazitia mfukoni mwa koti. Muthama anakuja Jumamosi. Nitataja jina lake kwanza.