Dawa ya Nondo Iliyotoroka Kabatini

Penina wa Moshono, Mama Simel kwa washarika, alikuwa na ufunguo mmoja tu wa kumpa heshima, nao ni wa kabati la majoho ya kwaya. Mlango wa nyumba yake mwenyewe aliufunga kwa kamba. Miaka tisa aliuvaa ufunguo ule shingoni, akafua majoho, akapiga pasi, akashona vifungo vilivyofyatuliwa na vitambi vya waimbaji wa besi.

Balaa lilianzia kwenye risiti. Nondo walikuwa wametoboa majoho mawili, Penina akashuka Ngarenaro kwenye duka la Iqbal, akachukua karafumaiti, vidonge kumi na viwili. Iqbal alijua wazee wa kanisa wangeshtuka kusoma neno lenye maiti ndani yake. Kwa huruma zake akaandika: dawa ya nondo.

Risiti ikaishia kwa Mzee Frederick, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, ambaye tangu alipoanza kumeza vumbi la saruji, nondo kwake ni chuma tu. Akafurahi kwamba kuna mtu amefikiria kutu. Akaitafuta dawa hiyo kwenye banda la vifaa miezi miwili mizima, mpaka alipoambiwa iko kwa Penina. Akaja na kamati.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Dawa ya nondo za jengo inakaaje na majoho?"

"Ni nondo wale, mzee. Wadudu wa nguo."

"Fungua."

Kabati likafunguliwa. Harufu ikawapiga wanakamati puani, wakapiga chafya kwa zamu, mwenyekiti kwanza kama inavyostahili. Kisha wakahesabu. Vidonge viwili, kila kimoja kama punje ya dengu.

"Kumi viko wapi, Mama Simel?"

"Vimeisha vyenyewe."

"Vimeota miguu?" akauliza Nalepo, katibu, huku akifuta machozi ya ile harufu. "Jamani, kabati limefungwa, ufunguo anao yeye, halafu vimeisha vyenyewe!"

Penina akaambiwa auvue ufunguo. Nalepo akauvaa palepale. Jumapili ikatangazwa mbele ya washarika wote kwamba mali ya kanisa imepotea mikononi mwa mtunzaji, na kamati inachunguza. Mtoto mmoja akageuka kumtazama. Mama yake akamgeuza kichwa.

Jumatatu Penina alikuwa dukani kwa Iqbal.

"Umenifanya mwizi, baba."

Iqbal akatoa chumvi ya mawe na kidonge cha karafumaiti, akaviweka juu ya kaunta. "Kwangua."

Chumvi ilimvunja ukucha. Karafumaiti ikachubuka kama sabuni.

"Umeona? Chumvi ni ukoo mmoja, kila chembe imemng'ang'ania jirani yake. Ipike, itabaki sufuriani. Hii ni familia nyingi zimepanga mtaa mmoja kwa mistari. Ndani ya nyumba wameshikana hasa, ila nyumba kwa nyumba wanapungiana mkono tu. Joto kidogo, familia inahama, nzima nzima, hewani. Harufu ile ni wao wanapita."

"Wakifika penye baridi?"

"Wanapanga tena, kwa mistari ileile."

Penina akaomba chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza. Akaenda nayo moja kwa moja kwa Mzee Frederick, kidonge kikiwa ndani.

"Kaa nayo wewe, mzee. Funga kwa mkono wako."

Mzee akazungusha karatasi ya gundi kwenye kifuniko, akatia sahihi juu yake mara nne, akaiweka dirishani kwake. Mchana jua liliipiga upande wa nje, upande wa ndani ya chumba haukufikiwa. Asubuhi baridi ya Julai ilishuka kutoka Meru ikaganda kwenye kioo. Siku ya kumi na mbili kidonge kilikuwa kimekonda, na kwenye kioo, upande wa baridi, vilikuwa vimeota vigamba vyeupe vinavyong'aa. Gundi haijaguswa. Mzee akazihakiki sahihi zake mara mbili, akizishuku.

Kamati ilikaa kwa saa tatu nzima. Jumapili Mzee Frederick akasimama, chupa mkononi.

"Imebainika kwamba dawa ilitoroka kwa njia ya hewa. Washarika mnaokaa karibu na kwaya mmekuwa mkiivuta miezi miwili bila kibali. Kamati imewasamehe."

Watu wakacheka. Mzee akataka kukaa.

"Na mimi, mzee?" Penina alikuwa amesimama.

"Wewe nini tena?"

"Mlinitaja hapahapa."

Mzee akaitazama chupa, akamtazama Nalepo, ambaye alikuwa akiangalia dari.

"Mama Simel hakuiba," akasema kwa sauti ya chini.

"Nyuma hatusikii!" akapaza mtu.

"Hakuiba!"

Penina akatembea mpaka mbele, akamnyooshea Nalepo kiganja. Nalepo alihangaika kidogo. Alikuwa ameshautia ufunguo utepe mpya mwekundu, na fundo halikutaka kufunguka.

"Acha tu," Penina akamwambia. "Nipe na utepe wake."